Daraja la Chania lilipofungwa: Korona ilivyobadilisha kazi ya daktari wa mtaani

Zaidi ya miaka mitano imepita tangu korona iingie Kenya, na bado watu wanauliza kwa nini kliniki ya mtaani haikurudi kuwa ile ya zamani. Kwa nini unaulizwa habari za kikohozi mlangoni kabla hujaketi? Kwa nini dawa ya presha sasa unapewa ya miezi miwili au mitatu kwa mpigo? Kwa nini daktari anataka nambari ya simu ya mwanao, na si yako peke yake?

Majibu yako kwenye yale tuliyoyapitia kati ya Machi 2020 na mwisho wa 2021. Mimi ni afisa wa kliniki, mzaliwa wa Pwani, na miaka hiyo nilikuwa nikifanya kazi katika kliniki ndogo huko Ruiru, na siku mbili kila wiki katika nyingine Thika. Nitaeleza jinsi nilivyoona kazi ikibadilika. Yaliyotokea huko bara hayako mbali na yaliyotokea Likoni, Kisauni na Mji wa Kale, na maradhi mengine yakija, kliniki hizi hizi ndizo zitakazobisha hodi kwanza kwa wagonjwa, au zitakazobishiwa hodi.

Daktari wa familia ni nani hasa?

Kenya tunao madaktari waliosomea utabibu wa familia kama taaluma. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka 2005. Lakini ni wachache. Huku mitaani kazi hiyo inafanywa na afisa wa kliniki au muuguzi, ama katika zahanati ya serikali, ama katika chumba cha kukodi chini ya ghorofa, kati ya duka la M-Pesa na kinyozi. Ruiru imejaa vyumba hivyo kuanzia Githurai hadi Kimbo, na Thika hali ni hiyo hiyo ukienda Makongeni. Kaunti ya Kiambu ilihesabiwa watu 2,417,735 katika sensa ya 2019, na wengi wa huku barabara ya Thika ni wapangaji wanaofanya kazi Nairobi au viwandani. Wamo na wetu wa Pwani.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kumjua mtu. Unajua kuwa mama fulani presha humpanda wakati wa karo. Unajua kuwa mzee fulani akisema hana neno, basi analo. Unamshika mkono, unamsikiliza kifua, unamwacha azungumze mpaka afike kwenye lililomleta. Korona ilitunyima hayo yote kwa wiki mbili tu.

Kazi ilihamia mlangoni

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kliniki ya chumba kimoja na kichumba cha sindano haina mahali pa kutenga wagonjwa. Tulitoa benchi nje, tukaweka mtungi wa maji wenye bomba na sabuni, na mtu mmoja akakaa mlangoni na kipimajoto. Mwenye homa au kikohozi alikaa upande wa pili, penye upepo, na mara nyingi nilimwona hapo hapo nje. Asiye na dalili aliingia ndani, mmoja mmoja. Kazi hii inaitwa kuchuja wagonjwa, na hospitali kubwa zilikuwa zikiifanya tangu zamani. Kwetu ilikuwa ngeni.

Ugumu wake ni huu: homa na kikohozi ndiyo kazi yetu ya kila siku. Mwezi wa Juni na Julai Kiambu kuna baridi kali, na kila nyumba ina mafua. Pumu huamka. Kifua kikuu kipo. Na aliyetoka Kwale au Kilifi na homa huenda ana malaria, ambayo daktari wa Ruiru asiyeuliza habari za safari anaweza kuipita akiwaza korona tu. Kuchuja vibaya kunaua kama vile kutochuja.

Kupima kulikuwa kwa shida. Sampuli za huku zilipelekwa Nairobi, na za Pwani nyingi zilipimwa Kilifi, katika maabara ya KEMRI-Wellcome. Majibu yalichukua siku kadhaa, na hayo ni kama ulikubaliwa kupimwa. Watafiti hao hao wa Kilifi walichunguza damu iliyotolewa na wafadhili wa damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikadiria kuwa watu 4.3 katika kila 100 nchini walikuwa wameshaambukizwa, na Mombasa 8. Hiyo ilikuwa mbali sana na idadi iliyosomwa kila jioni kwenye televisheni. Maana yake kwa daktari wa mtaani ilikuwa moja: mhesabu kila anayeingia kuwa huenda anayo, hata yule aliyekuja kufungwa kidonda.

Kifua kilichosikilizwa kwa kidole

Kumsikiliza mtu kifua ni kumsogelea uso kwa uso huku akivuta pumzi kwa nguvu. Tukapunguza. Badala yake tukategemea kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 hadi 100. Mgonjwa wa korona aliweza kuja akitembea mwenyewe, anazungumza vizuri, kumbe kifaa kinasoma 86. Mapafu yanaharibika kabla mwenyewe hajahisi kukosa pumzi. Kikisoma chini ya 94 nilianza kupiga simu kutafuta kitanda: Thika Level 5, au Tigoni, ambayo kaunti iliifanya kituo cha wagonjwa wa korona, au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo haiko mbali na Ruiru.

Kifaa hiki nacho kina mipaka, na ni vyema kila nyumba iliyokinunua iijue. Kidole baridi hukidanganya. Rangi ya kucha na piko nyeusi huweza kukivuruga, kwa hivyo dada zetu waliotoka harusini wapimwe kwenye kidole kisichopakwa. Na Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Mgonjwa akisoma 94 na anahema, amini kuhema kwake.

Waliokosa kuja

Hadi hapa nimesema juu ya wagonjwa waliofika. Walioumia zaidi, kwa nilivyoona, ni ambao hawakufika.

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kutoka na kuingia eneo la jiji la Nairobi. Upande wetu mpaka uliwekwa kwenye Daraja la Chania, hapo Thika. Ukilivuka uko Murang'a. Siku mbili baadaye zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa ndani ya Mombasa iliyofungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Thika na Ruiru zilikaa hivyo hadi tarehe 7 Julai.

Ramani ya wagonjwa haifuati mpaka wa kaunti. Watu wa Makuyu, Kandara na Gatanga hutibiwa Thika tangu enzi na enzi, kwa kuwa ndio mji wao wa karibu. Asubuhi moja wakajikuta ng'ambo ya kizuizi cha polisi. Malori ya chakula na mizigo yaliruhusiwa kupita. Mzee aliyetaka vidonge vya sukari alipaswa kujieleza, na wazee wetu wengi hawapendi kujieleza kwa askari.

Waliokuwa upande wetu nao waliogopa. Mwanzoni watu waliopelekwa karantini kwa lazima walijilipia wenyewe, na habari zilienea kuwa ukikohoa mbele ya daktari utabebwa siku 14. Basi mtu alikaa nyumbani na kikohozi chake, na presha yake, na ujauzito wake.

Presha na sukari haziumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na wengi wao hawajui. Mwenye kuijua akiacha dawa wiki ya kwanza hasikii kitu. Wiki ya tatu hasikii kitu. Anaona kwamba kumbe dawa hazikuwa na haja. Kisha asubuhi moja mkono hauinuki na mdomo umepinda.

Nilikuwa na mgonjwa wa sukari kutoka ng'ambo ya daraja, mtu mwaminifu wa kila mwisho wa mwezi. Alikosa Aprili, Mei na Juni. Alipofika Julai alikuwa na kidonda mguuni alichokipata shambani, na kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Alikatwa vidole viwili. Korona yenyewe haikumgusa hata siku moja, wala hayumo katika hesabu yoyote ya walioumizwa nayo.

Kifua kikuu kilitupa somo lile lile kwa ukubwa wa dunia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapya milioni 7.1 waliogunduliwa mwaka 2019, na milioni 5.8 tu mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua. Watu hawakuonwa, na vifo vikaongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kikohozi cha wiki tatu, ambacho zamani mtu angekileta kliniki, sasa kilikuwa kitu cha kuficha.

Na kuna kina mama. Uchungu hauangalii saa ya kafyu. Hakuna matatu, mwenye bodaboda anaogopa kukamatwa, na mume anaogopa kutoka. Dkt Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi, alianzisha huduma ya Wheels for Life iliyowapa waja wazito wa Nairobi usafiri wa bure usiku kwa kupiga 1195. Ilikuwa msaada mkubwa, na pia ilionyesha kuwa amri ilitolewa kabla ya swali hilo kuulizwa.

Kitabu na simu

Kilichotuokoa kiasi ni kitabu cha kawaida cha kaunta. Tulikaa jioni moja tukaandika kila mwenye presha, sukari, pumu, kifafa na dawa za kila siku: jina, mtaa, dawa, tarehe ya kuisha, na nambari mbili za simu. Kisha tukaanza kupiga, watu kumi kwa siku. Kabla ya hapo daktari alingoja mgonjwa aje. Sasa daktari alikuwa akimtafuta mgonjwa. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko barakoa na sanitaiza.

Simu inafaa kwa mambo mengi: kuuliza presha ya jana kwa mwenye mashine nyumbani, kubadilisha kipimo cha dawa, kumtuliza mama mwenye mtoto wa mafua, kumwambia mwingine asingoje hata dakika. Safaricom iliondoa ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 kuanzia Machi 2020, na hilo lilifanya malipo madogo ya dawa yawezekane. Dawa za ng'ambo ya Chania zilivuka na dereva wa lori la mboga, na kijana wa familia akazipokea upande wa pili.

Lakini simu haioni macho ya manjano. Haihisi uvimbe tumboni. Wazee wengi hutumia simu ya mtoto au jirani, kwa hivyo siri hakuna. Na mwanamke anayepigwa nyumbani hawezi kumweleza daktari huku anayempiga ameketi kando yake. Kwa hao tulijifunza kuuliza maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au la, na kutafuta sababu ya kumwita aje mwenyewe, hata kama ni kupima uzito wa mtoto.

Dawa za dukani na mvuke

Kazi nyingine iliyotuangukia ni kushindana na uvumi. Watu walijifukiza kwa mkaratusi, mwarobaini, ndimu na tangawizi. Chai ya tangawizi haina ubaya wowote. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka iliwaunguza watu, na haikuua virusi mapafuni.

Hatari kubwa ilikuwa duka la dawa. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni inaokoa maisha ya wagonjwa mahututi wanaohitaji oksijeni. Habari zilipofika mtaani sehemu ya pili ya sentensi ilikuwa imepotea. Watu wenye mafua wakainunua na kuimeza. Dawa hiyo hupandisha sukari mwilini na kulegeza kinga, na kwa mgonjwa wa kisukari siku chache zinatosha kumlaza. Vijiuavijasumu navyo vilimezwa kama peremende, ingawa haviui virusi.

Machi 2021 chanjo zilipofika, wahudumu wa afya wakiwa wa kwanza, saa zangu nyingi zilienda kwa maswali: itanifanya tasa, itanigandisha damu, imeletwa kutupunguza. Niligundua kuwa hotuba ya waziri haikuwashawishi watu. Waliamua kwa kumwuliza yule aliyemtibu mtoto wao mwaka uliopita, wewe umechanjwa? Uaminifu wa miaka ya homa na kuharisha ulilipwa siku hiyo.

Daktari naye ni mtu

Tarehe 10 Julai 2020 alifariki Dkt Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza Kenya kuuawa na korona. Baada ya hapo kila mmoja wetu alivua nguo za kazi nje ya nyumba na kuogopa kumbeba mtoto wake. Barakoa zilikuwa ghali, na kliniki ndogo hainunui kwa bei ya jumla. Mapato yalishuka: viwanda vilipunguza watu, wapangaji wakarudi kijijini, na mwenye nyumba alitaka kodi yake vile vile. Desemba 2020 wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa hospitali za umma waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima, na wagonjwa wao wakaja kwetu. Siku moja kliniki tupu, siku ya pili foleni hadi barabarani.

Kilichobaki, na cha kufanya

Tarehe 26 Machi 2021 Kiambu ilifungwa tena, pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru, hadi tarehe 1 Mei. Daraja lile lile, polisi wale wale. Safari hii kitabu kilikuwepo. Tulijua nani yuko ng'ambo na dawa yake inaisha lini, na wengi walikuwa na akiba ya miezi miwili nyumbani. Sikumwona hata mmoja wao akirudi na mguu uliooza. Ugonjwa ulikuwa mkali zaidi kuliko wa mwaka wa kwanza, lakini matayarisho yalikuwa yamebadilika.

Kwa hiyo ukiulizwa mlangoni, ukipewa dawa za miezi mitatu, ukiombwa nambari ya mwanao, hayo si mapambo. Ni masomo yaliyolipiwa.

Tangu hapo serikali imeongeza jambo moja la maana. Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, wenye mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ikatiwa saini mwezi uliofuata. Mhudumu huyo akiijua nyumba yako, tayari kuna mtu anayeweza kukufikia hata kama wewe huwezi kutoka. Akiwa hajawahi kuja, mwulize mzee wa mtaa ni nani.

Na si jambo la kungoja. Tarehe 31 Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox Kenya alitangazwa, na aligunduliwa mpakani Taita Taveta, huku huku kwetu.

Familia inaweza kuanza wiki hii, bila gharama. Andika kwenye karatasi majina ya dawa za kila mgonjwa wa nyumbani na vipimo vyake, uibandike kabatini. Omba akiba ya mwezi mmoja zaidi kwa dawa za kila siku. Hakikisha kliniki yako ina nambari mbili za simu za nyumba yako. Kikohozi kikipita wiki mbili, kipeleke kikapimwe, uwe unaogopa au huogopi.

Kisha ukienda kliniki mara nyingine, Likoni, Kisauni, Ruiru au Thika, mwulize daktari wako swali moja: feri ikisimama kesho, au daraja likifungwa, dawa zangu zitanifikiaje? Akiwa na jibu, una daktari wa familia. Akiwa hana, kaeni mlitafute pamoja sasa, wakati njia bado ziko wazi.